Mashine ya kupasua kuni: beba gogo lako uende nalo dukani

Nauza kuni, yadi yangu iko pande za Kinoo, nje kidogo ya Nairobi. Wateja ni wa aina mbili, kuna mahoteli ya githeri na nyama choma ambayo yananunua wiki baada ya wiki, halafu kuna wale wa Karen na Runda wenye meko sebuleni, hao mwaka mzima hawakujui lakini Julai ikifika na ile baridi ya kuingia kwa mifupa simu haipumziki. Miaka yote tumepasua na shoka, kabari na nyundo, mimi na vijana wawili. Mwaka jana mmoja wao akaniambia bila kuficha, mzae, mkaratusi ukishakauka mimi sipasui, afadhali nikabebe mawe kwa mjengo. Na hakukosea. Mkaratusi mbichi unaachana vizuri tu, lakini ukauache miezi minne juani ndio utajua hujui, nyuzi zimejisokota, shoka inaruka inarudi kwako.

Basi nikaanza kutafuta mashine, hizi za haidroliki, yaani za kusukuma kwa presha ya oili, zile gogo linalala kwa boriti na silinda inalisukuma kwa kabari ya chuma. Nikapiga simu, nikatumiwa mapicha na mavideo, na kila video ni mti laini mnyoofu kama mkate unakatwa. Nikasema hapana. Nikachukua magogo mawili, moja la saiprasi na moja la mkaratusi mkavu lenye pacha, pale tawi lilikuwa limetokea, nikayatupa kwa buti ya Probox nikaanza kuzunguka nayo mjini. Askari wa lango la kwanza aliniuliza kama nimeleta sampuli ya jeneza.

Duka la kwanza walikuwa na ile ndogo ya stima, imeandikwa tani 7, hiyo ndiyo nguvu ya kusukuma, mota ya kilowati 2.2, unachomeka tu kwa soketi ya kawaida ya nyumbani. Kusema ukweli niliipenda, haina kelele, haina moshi, na lazima mikono yote miwili iwe kwa vishikio ndio isukume, kwa hivyo huwezi kuacha vidole ndani. Saiprasi ilienda mara moja. Nikaweka mkaratusi. Ikasukuma, ikaguna, kabari ikaingia kama sentimita mbili hivi halafu ikasimama hapo, gogo limeshikilia kabari na kabari imeshikilia gogo, na yule dada wa duka ananiangalia kama mimi ndiye nimeharibu. Tulilitoa na nyundo yao. Kama unapasua za nyumbani kwako tu, magogo ya unene wa sufuria ndogo, chukua hiyo usijisumbue, ila usiiwekee ekstensheni nyembamba ya mita 30 kwa sababu stima inafika imechoka na mota inapata moto.

Duka la pili, Industrial Area, ndio nilikopatia hii niko nayo. Sitalitaja jina, mtaona mbele kwa nini. Mashine ni ya petroli, injini ya hospawa 7, ina magurudumu, unaivuta na gari polepole. Stika nyekundu kubwa: TANI 30. Bei laki mbili na kitu. Sasa hapa ndio nataka mtu asome polepole, maana hapa ndio pesa hupotelea. Tani za mashine kama hii hazitokani na stika wala na injini, zinatokana na vitu viwili, upana wa ndani wa silinda na presha ya oili. Basi. Nilikuwa na tepu mfukoni. Nikapima silinda kwa nje, nikatoa unene wa chuma, ndani inabaki kama sentimita 10. Kibao cha pampu kimeandikwa mwisho 3000 psi, ambayo ni kama kilo 210 kwa kila sentimita mraba. Nusu ya 10 ni 5, mara 5, mara 3.14, unapata sentimita mraba 78 na nusu, zidisha na 210, ni tani 16 na nusu. Hizo zingine 13 na nusu ziko wapi? Ili ifike 30 kwa presha hiyo hiyo silinda ingetaka kuwa na upana wa ndani wa kama sentimita 13 na nusu, na hiyo ungeiona kwa macho, ni tofauti ya mkono na paja. Nikamwonyesha kijana wa mauzo kwa simu yangu. Akaangalia, akacheka, akaniambia boss, hiyo stika ilikuja nayo.

Lakini nikaweka gogo langu. Na likapasuka! Lilipiga kelele kwanza, likakaa, injini ikashuka sauti, halafu likaachana kwa ule mlio wa mfupa. Kumbe tani 16 za ukweli zinanitosha kabisa, sikuwa nahitaji 30, nilikuwa nahitaji tu nisidanganywe. Ile hesabu ndogo ilinisaidia kwa bei, wakashuka elfu ishirini bila kelele nyingi.

Kabla sijalipa nilipitia pia Kariobangi Light Industries, maana kuna mafundi wanakuundia moja kutoka kwa vyuma vya mitumba. Niliyeongea naye alikuwa na silinda nzuri sana imetoka kwa mashine ya kuchimba, inchi 5, mnyama kweli, na boriti ambayo hata lori haliwezi kukunja. Shida ilikuwa pampu. Alikuwa ameweka ile ya kawaida ya hatua moja, na silinda kubwa inakunywa oili nyingi, kwa hivyo kwenda peke yake ilichukua karibu sekunde 40, bado kurudi. Unaweka gogo, unaenda kukunywa chai. Za dukani nyingi zina pampu ya hatua mbili, kwanza inatoa oili nyingi kwa presha ndogo ili kabari ikimbie ifike kwa mti, mti ukigoma inajibadilisha yenyewe inatoa oili kidogo kwa presha kubwa, na hapo ndio unasikia injini ikiguna. Yangu inaenda na kurudi kwa sekunde kama 12. Ukimpata fundi mwaminifu na umnunulie pampu ya hatua mbili wewe mwenyewe, ya Kariobangi inaweza kuwa bora kuliko yangu, nasema hivyo bila wivu.

Sasa malalamiko. Ya kwanza, mashine inauzwa kavu. Hakuna oili kwa injini, hakuna oili kwa tangi la haidroliki, na hakuna mtu aliniambia. Mimi nilikuwa tayari nimeshika kamba ya kuwasha, ni kijana ndiye aliuliza, mzae, hii kitu imewekwa oili kweli? Ningeua injini mpya dakika ya tano. Tangi la haidroliki la hii lilimeza karibu lita 15, na hiyo ni pesa ambayo haikuwa kwa hesabu yangu. Uliza kabla ya kulipa, na uliza namba ya oili ya haidroliki, yangu wanataka 46.

Ya pili ni hii ya nguvu. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuja huku kwetu unaongeza. Hewa ni nyepesi, na injini ndogo ya kabureta inapoteza kama asilimia 3 na nusu kwa kila mita 300, kwa hivyo hospawa 7 ya kwenye karatasi huku imebaki 5 na kitu. Wiki ya kwanza ilikuwa inatoa moshi mweusi, na kila gogo gumu inazima. Nikatoa plagi, nyeusi ti, masizi matupu. Duka wakaniambia waranti haigusi kabureta. Pampu nayo haigusi. Nikauliza sasa inagusa nini, wakasema watanipigia, na hiyo simu naingoja hadi leo. Fundi mmoja wa Kirinyaga Road akabadilisha kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta akaweka chembamba zaidi, ili petroli ipungue ilingane na hii hewa nyepesi, kazi ya nusu saa, na mashine ikawa ingine. Kwa hivyo ukiona mbili zinafanana na moja ina injini kubwa kidogo, huku kwetu chukua hiyo kubwa.

Kitu kingine, na hapa sitanii. Mwezi wa pili paipu ya presha ilianza kutoa ukungu fulani wa oili karibu na nati, na kijana akanyoosha kidole apapase aone inatokea wapi. Nilipiga nduru mpaka jirani akatoka. Oili ya presha ya namna hiyo inatoboa ngozi kama sindano, unaona alama ndogo tu haiumi sana, na kidole kinaoza ndani, ni hospitali siku hiyo hiyo. Zima injini. Ukitaka kutafuta tundu pitisha kipande cha katoni, sio mkono.

Kazi yenyewe? Vijana wawili wanamaliza kabla ya saa saba kile tulikuwa tunafanya kwa siku mbili, na tangi la petroli linanipeleka kama masaa matatu. Siku hizi mkaratusi tunaupasua ukiwa mbichi halafu ndio tunaupanga ukauke, ukiwa vipande unakauka haraka na mashine haihangaiki. Yule wa mjengo amerudi, anasema hii ni kazi ya ofisi.

Kuna kabari ya njia nne, inavishwa juu ya hii ya kawaida, gogo linatoka vipande vinne mara moja. Waliniuzia pamoja na mashine. Kwa saiprasi ni raha tupu, kwa mkaratusi wenye pacha hizo tani 16 haziwezi, inakwama kila wakati na kuitoa ni nyundo na matusi. Iko hapo kwa stoo na rangi yake bado, kama kuna mtu anapasua saiprasi tupu pande za Limuru tuongee bei.