Tovuti ya duka la asali Tabora: bei inaonekana, fomu inasumbua

Nina steshenari Tabora mjini, njia ya kwenda stesheni ya reli. Kutoa kopi na kuchapa barua bado kupo, ila siku hizi wengi wanakuja niwasaidie mtandaoni: maombi ya ajira, mikopo ya chuo, tiketi za safari. Tovuti iliyopangwa vibaya naijua kwa foleni inayojaa mezani kwangu. Ndiyo maana naandika kuhusu duka moja la asali la hapa mjini, ambalo limebadilisha tovuti yake hivi karibuni.

Ile ya zamani ilikuwa mateso. Ukiifungua unapokewa na picha kubwa za msitu wa miombo zinazopishana zenyewe. Bando linakwenda, asali hujaiona. Maandishi yalikuwa ya kijivu hafifu juu ya weupe. Mzee mmoja mfuga nyuki kutoka Sikonge alitaka kujua wenzake mjini wanauzaje, akanigeuzia simu pale barazani, jua la saa saba: "Binti yangu, hapa pameandikwa kitu au patupu?" Nikamjibu, "Pameandikwa bei, mzee wangu." Macho yake ni mazima kabisa.

Jambo hili lina kipimo. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, linataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Maandishi makubwa yanaruhusiwa 3 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Vipimo vya bure vipo mtandaoni, unaingiza rangi mbili unapewa jibu. Sasa wametumia kahawia iliyokoza juu ya nyeupe. Nimeipima, imepita kwa mbali, na juani inasomeka.

Kilichonifurahisha zaidi ni bei. Zamani zilikaa kwenye jedwali lake mwisho kabisa wa ukurasa, mbali na picha, na mteja akichanganya mstari wa nyuki wakubwa na wa nyuki wadogo anashtuka wakati wa kulipa, maana asali ya nyuki wadogo ni ghali zaidi. Sasa kila chupa ina picha yake, chini yake aina, ujazo, bei na kitufe cha kuagiza, kisha nafasi tupu kabla ya chupa inayofuata. Mwanasaikolojia Max Wertheimer alieleza mwaka 1923 kwamba vitu vilivyokaribiana jicho huvichukua kama kundi moja. Mama anayepanga nyanya mafungu sokoni anafanya hivyohivyo: huhitaji kuuliza fungu linaishia wapi. Wenye biashara wengi wanaionea uchungu nafasi tupu, wanataka waijaze tangazo. Waiache. Hiyo nafasi ndiyo inayotenganisha bei na bei.

Kwenye simu chupa zinashuka mojamoja; kwenye kompyuta yangu zinakaa tatu kwa safu. Ni mtindo ambao mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte aliupa jina mwaka 2010, wa ukurasa kujipanga kulingana na upana wa kioo, na kwa mji ambao watu wanaingia mtandaoni kwa simu ndogo naona hauna mjadala. Vitufe navyo ni vikubwa. Toleo la 2.2 la mwongozo wa W3C, la mwaka 2023, linataka angalau pikseli 24 kwa 24, na hivi vimezidi hapo. Menyu ina vitu vinne tu. Namba ya simu iko juu, ukiigusa inapiga.

Sasa fomu ya kuagiza. Hapa wameniudhi, kwa sababu mteja ameshaamua kununua halafu anazuiwa mlangoni. Wanalazimisha barua pepe, wakati wateja wengi ninaowahudumia hawana. Maelekezo yameandikwa ndani ya kisanduku, ukianza kuandika yanafutika, mtu anasahau alikuwa anajaza nini. Ukiweka namba ya simu inayoanza na 07, inatokea "Kosa" kwa rangi nyekundu, basi. Kosa gani? Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti na programu, alishaliweka hili kwenye kanuni zake kumi mwaka 1994: ujumbe wa kosa useme kwa lugha ya kawaida tatizo ni nini na mtu afanye nini. Ingetosha kuandika "Anza na 255". Bora zaidi, mashine ipokee 07 na kuibadilisha yenyewe, kazi ndogo kwa fundi.

Nimewapigia kuwaeleza, wakanisikiliza vizuri. Mpaka warekebishe, ukitaka kuagiza weka 255 badala ya sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha. Kama huna barua pepe, iache fomu, gusa ile namba ya juu na uwatajie aina, ujazo na mji ulipo. Dada yangu wa Mwanza alitumiwa yake kwa basi kwa njia hiyo, na ikafika salama.