Kozi ya historia ya Jumamosi hapa Lindi mjini, nimeimaliza

Nimemaliza Jumamosi zote nne za ile kozi fupi ya historia, elfu thelathini kwa kichwa, na wengi mmeniuliza kama inafaa. Inafaa jamani, lipeni. Mi nafundisha historia sekondari mwaka wa tisa huu na sijawahi kufundishwa hivi.

Mwalimu anakufundisha njia mbili za kuisoma historia. Kuna ya kianthropolojia, unakaa na watu, unasikiliza, unauliza ngoma hii nani anaruhusiwa kuingia na jina hili mnampa nani na kwa nini. Afu kuna wanayoiita ya baada ya ukoloni, na mi nlidhani ni habari za kuanzia uhuru wa 1961, kumbe siyo, ile inamgeukia aliyeandika, wewe ulikuja na nani, nani alikulipa, na mbona mwenye habari yake hana jina humu.

Jumamosi ya pili ndo ilinikamata. Tulikuwa tunamsoma Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyeshuka hapa Lindi 1906 na kamera na fonografu, ile mashine ya kunasa sauti, akapanda mpaka Masasi na Newala akisindikizwa na askari, na vita ya Maji Maji ya kuwapinga Wajerumani bado ya moto. Mwalimu akazungusha picha ya enzi hizo, mwanamke ana ndonya, kile kipande cha mti cha kwenye mdomo wa juu. Sisi tukaanza, ndonya inavaliwa umri gani, inachongwa na nani, maswali mazuri tu. Kulikuwa na bibi mmoja kaalikwa siku ile, akaivuta picha mpaka usoni, akakaa nayo kimya, afu akasema, "Huyu kaambiwa simama. Mtazameni vidole vya miguu." Kweli bwana, vidole vimejikunja vimeng'ang'ania mchanga. Darasa zima tulikuwa tunaangalia mdomo.

Kingine ni kalamu nyekundu ya mwalimu. Niliandika kwenye zoezi "Wamwera huwapeleka watoto jando", likarudi ile "hu" imezungushiwa duara na pembeni kaandika: lini? nani? hata mwaka wa njaa? Nikakasirika kidogo, ila nikampigia mjomba aliyeko Nyangao, akaniambia rika lao walisubiri mwaka mzima maana ndo mwaka kijiji kilihamishwa. Yaani silabi moja ilikuwa imemfuta mjomba wangu. Apo ndo nikaelewa ubaya wa anthropolojia ikiachwa peke yake, inawafanya watu kama hawana kalenda.

Sasa Jumamosi ya tatu sikuridhika. Ilikuwa kilima cha Tendaguru, mifupa ya dinosaria iliyochimbwa 1909 mpaka 1913 ikabebwa na wapagazi mpaka bandari yetu hapa, na mmoja leo kasimama Berlin urefu zaidi ya mita 13. Masaa matatu tuko Berlin, irudi isirudi, maandishi ya makumbusho yanasemaje. Nikauliza wapagazi walitembea siku ngapi, walikula nini njiani, wajukuu zao wako wapi, tukabaki na jina moja tu la Boheti bin Amrani aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji. Kwangu huo ndo udhaifu wa njia ya pili, unamsema mzungu kwa haki kabisa lakini bado ndo yeye anayezungumzwa kutwa nzima, na kilima chenyewe kiko mkoa huuhuu, tungechanga tukakodi gari la Noah tukaenda kuongea na wazee wa kule.

Na makaratasi yote ni ya Kiingereza, hilo lirekebishwe haraka. Yule bibi aliniomba nimsomee maneno ya chini ya picha, nikamsomea, limeandikwa kabila tu basi. Akauliza, "Na jina lake?"

Ukumbi una joto, njooni na maji. Awamu ijayo nishalipia nafasi mbili, ya pili ni ya mjomba.