Kopo la bati au la plastiki: lipi liwe kasha la kifaa cha kupimia umeme unachojiundia?

Gharama si hoja, maana yote mawili yangeishia jalalani. Tofauti huonekana ukiwasha kifaa.

Ukiunda kikuza sauti cha kufuatilia ishara ndani ya redio, bati halina mpinzani. Liunganishe na upande hasi wa saketi, nalo litapunguza sana mvumo wa umeme wa nyumbani, ule wa hezi 50 au 60. Tena bati la chuma hushika lehemu (madini laini ya kuunganishia waya) moja kwa moja (la alumini halishiki kirahisi). Lakini kingo zake hukata vidole, na waya uliochubuka ukiligusa, shoti! Mimi hutandika kadibodi chini ya saketi kila mara.

Plastiki hutoboka upesi na haipitishi umeme. Kwa kifaa cha kupima kama waya umekatika, chenye betri ya volti 9, taa ya LED na rezista (kipunguza mkondo) ya omu 470, inatosha kabisa. Adui yake ni joto la chuma cha kulehemia.

Kwa ishara dhaifu, chukua bati; kama huna tupa wala drili, plastiki. Kifaa cha kuchomeka ukutani ni habari nyingine: bati lazima lipate waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini), na plastiki nyembamba ya chakula siiamini hata kidogo.