Ofisi ya fudistampu mtaani kwetu: nyota 3 kati ya 5

Wiki mbili zilizopita nilimpeleka mama ofisi ya fudistampu (msaada wa serikali wa kununua chakula, jina lake rasmi SNAP) huku Marekani, ofisi yenyewe siitaji jina, naeleza tu yaliyotukuta maana Waswahili wengi wanaletewa barua kama yetu. Mama ana miaka 58, grinikadi (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja) anayo siku nyingi, barua inasema aonyeshe anafanya kazi masaa 80 kwa mwezi la sivyo SNAP ni miezi 3 tu ndani ya miaka 3. Zamani ukifika 55 sharti hilo halikuhusu, ila sheria ya Julai 2025 imelisogeza mpaka 64.

Simu tulishika laini saa nzima na nusu ikakatika. Tukaenda wenyewe, kijana wa dirishani akauliza unafanya kazi? mama akajibu hapana, akaandika hapana, basi, akaita anayefuata. Hakuuliza kwa nini! Mama mgongo unamuuma, hata kusimama dakika 20 hawezi, na mtu asiyeweza kazi kwa ugonjwa hadaiwi hayo masaa. Yaani kwa swali moja tu mama angekatwa chakula, kwa kweli iliniuma sana.

Nikaomba mkalimani. Jamani ombeni, ni haki yenu na ni bure, msiwape watoto kazi ya kutafsiri. Wakampigia simu mkalimani, mama mmoja wa Kikongo, Kiswahili chake safi kabisa, na kesiwoka (mfanyakazi wa ofisi anayeshughulikia faili lako) wa pili, dada mpole, akauliza yote: unaumwa nini, kuna mgonjwa unamuuguza nyumbani, unasoma? Akatupa fomu ya daktari, ikajazwa, tukarudisha, hela ikaingia kwenye EBT, ile kadi ya kununulia chakula, kama kawaida. Nyota 3 ni za hao wawili.

Jirani yetu naye alishangaa, mtoto wake ana miaka 15 akajua atasamehewa hayo masaa kama zamani, kumbe siku hizi mpaka mtoto awe chini ya 14. Yeye anapiga kazi masaa 15 kwa wiki, yaliyobaki anajitolea, na ya kujitolea yanahesabiwa ila lazima uwe na karatasi iliyosainiwa.

Ukikatwa kimakosa una siku 90 za kuomba usikilizwe upya. Na fomu ya daktari kabla hujaitoa ipige picha, pale dirishani waambie wakugongee muhuri wa tarehe.