Waliokoa akiba zetu, wakayapoteza majina yetu

Ni miezi kadhaa sasa tangu nilipopanda ngazi za jengo moja karibu na Luthuli Avenue, Nairobi, kwenda duka la kuokoa data iliyopotea, nimekumbatia mkoba wenye diski ya chama chetu cha akiba na mikopo, na uchungu haujanitoka. Mimi ndiye mweka hazina. Umeme ulikatika usiku wakati seva ilipokuwa ikiandika nakala rudufu ya hifadhidata yetu ya MySQL, programu inayotunza kumbukumbu zetu, na asubuhi seva yenyewe haikuwaka tena. Tukabaki na faili la nakala hiyo tu, lililobanwa ili lisichukue nafasi kubwa, ambalo kila tulipolifungua lilikwama njiani.

Nakala ya wiki iliyotangulia ilikuwa imefutwa na programu ili kuipisha hii mpya. Hilo halikunitisha sana, kwa kuwa mpwa wangu aliyesomea kompyuta alinieleza kwamba faili likifutwa kwenye diski kama ile yetu, data yake hubaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Alinisisitizia jambo moja: diski inakiliwe yote kwanza, kazi ifanyiwe kwenye nakala, na mtu yeyote asiandike chochote kwenye diski yenyewe.

Nilimweleza hayo fundi wa kaunta, kwa adabu, neno kwa neno. Hakunitazama. Aliichomeka diski huku akiendelea kuzungumza kwenye simu, na niliporudia ombi langu akasema kwa sauti iliyosikika na wateja wote, "Mama, kama unaijua kazi, mbona umeileta hapa?" Nimevuka miaka hamsini, na kijana wa rika la kitinda mimba wangu alininyamazisha mbele za watu, nikaenda kuketi kwenye benchi.

Nilikusudia kuandika kwamba duka zima halifai. Haki inanilazimu niseme kwamba siku ya tatu nilipokewa na binti anayefanya kazi chumba cha nyuma, akanivutia kiti na kunionyesha kila alichokifanya. Ndani ya faili lile, likishafunguliwa, mna maandishi ya kawaida unayoweza kuyasoma kwa macho: namba ya mwanachama, tarehe, kiasi, mstari baada ya mstari. Faili lisilokatika humalizika kwa mstari unaotaja kwamba kazi imekamilika. Letu halikuwa nao. Majedwali yalipangwa kialfabeti, kwa hiyo la akiba lilikuwamo lote, la mikopo lote, lakini la wanachama, lenye majina na namba za simu, lilikuwa halijaanza kuandikwa umeme ulipokatika. Binti yule alilinganisha jumla na taarifa yetu ya benki, zikawiana hadi shilingi ya mwisho. Kwa kazi yake ningewapa alama zote.

Ndipo nikamuuliza kuhusu ile nakala iliyofutwa. Alinyamaza, kisha akanigeuzia skrini. Jina la faili bado lilionekana, na tarehe yake, na ukubwa wake, lakini ndani yake mlijaa vipande vya mafaili ambayo mwenzake wa kaunta aliyaokoa siku ya kwanza na kuyahifadhi papo hapo, kwenye diski yetu wenyewe. Majina yetu yalikuwa chini yake, na data ikishaandikiwa juu hairudi.

Walinitoza shilingi 18,000. Risiti iliandikwa na yule yule wa kaunta, na hata pole hakuniambia. Ukilazimika kwenda, mwulize yule binti wa chumba cha nyuma. Hapana, usiende kabisa, kwa maana diski yako itapitia kaunta kwanza.

Kila Jumamosi wanachama huniletea vitabu vyao vya akiba, nami nayarudisha majina moja moja. Mwanachama namba 214 ana shilingi 61,350, na bado hajatokea.