Santuri ya kwanza ya Black Flag: dakika tano za moto

Kama pesa yako mwaka huu inatosha santuri moja tu ya panki, ile roki ya kasi na fujo, chukua hii. Ni "Nervous Breakdown", santuri ya kwanza kabisa ya bendi ya Black Flag wa Hermosa Beach, California, iliyotoka 1979: inchi 7, nyimbo nne, dakika tano na ushee. Mpiga gitaa Greg Ginn alichoka kungoja lebo (kampuni ya santuri) ya watu iitoe, akaitoa mwenyewe chini ya lebo yake, SST. Ndiyo namba 1 ya lebo hiyo, na imechapwa tena na tena, kwa hiyo huna haja ya kusaka nakala ya zamani kwa bei ya kuua.

Sisi wa Nairobi santuri ndogo si ngeni kwetu. Pale nyumbani South B bado kuna rundo la benga za mzee, na nyingi zina wimbo mmoja uliokatwa katikati: unageuza upande wa pili ndipo gitaa lichache. Hawa wamemaliza nyimbo nne humo humo, na "Wasted" haifiki hata dakika moja.

Gitaa ndilo lililonimaliza. Linaingia kavu, halina pambo lolote, linakwaruza kama msumeno kwenye bati. Keith Morris naye haimbi, anafoka. Unasikia koo likichubuka na pumzi ikimwishia mwisho wa mstari. Na besi ya Chuck Dukowski! Kwenye simu humezwa yote. Kwenye spika zangu za mbao inatikisa vikombe kabatini, na jirani wa chini ameshagonga dari.

Jalada limechorwa na Raymond Pettibon, ndugu yake Ginn: kijana amekunja ngumi, mtu mzima anamzuia kwa kiti. Nimeliegemeza ukutani, sitaki kulificha kwenye rafu.

Kilichoniuma ni usafirishaji. Nauli na ushuru vilizidi bei ya santuri yenyewe, na kona moja ya jalada ilifika imekunjika. Mkiwa wawili watatu, agizeni pamoja. Halafu hakikisha sindano ya gramafoni yako ni nzima, maana iliyochakaa itageuza muziki huu kuwa mvumo mtupu. Wauza santuri wa Kenyatta Market watakuelekeza.

Sasa naiwekea akiba santuri ya kwanza ya Minor Threat, bendi nyingine ya panki, ya 1981. Hiyo ina nyimbo nane.