Mashine za jimu kwa mama aliyetoka uzazini: ipi ishikwe kwanza, ipi isubiri

Ukiingia jimu ya kawaida Dar, Mombasa au Nairobi utakuta vifaa vilevile: safu ya mashine za pini (uzito huchaguliwa kwa kuchomeka pini kwenye rundo la vyuma), rafu ya dambeli, mashine ya kebo, presi ya miguu, chuma kirefu cha kilo 20 na tredmili zilizopangwa mbele ya televisheni. Hapa tunavipima kwa ajili ya mtu mmoja tu, mama aliyevuka siku arobaini za uzazi na anataka kuanza kunyanyua vyuma. Kwa kila kifaa tunauliza mambo mawili. Uzito wake wa chini kabisa ni upi? Na unapokaza, presha inabebwa na misuli iliyokusudiwa, au inashuka tumboni na ukeni?

Kabla ya kulipia mwezi, pita kliniki. Mtoto atapelekwa chanjo ya wiki ya 6 vyovyote vile, basi siku hiyohiyo omba na wewe uangaliwe: kidonda, msamba kama ulichanika au uliongezwa njia, presha, na wingi wa damu. Hilo la damu wengi hulisahau. Mama aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua hupata kizunguzungu akiinuka tu kwenye kiti cha mashine, kisha anadhani hana mazoea. Aliyejifungua kwa upasuaji naye ajue kwamba ngozi hupona mapema kuliko kilicho chini yake. Kufikia wiki ya 6, utando mgumu unaoshikilia ukuta wa tumbo umerudisha nguvu kidogo zaidi ya nusu tu, na hata baada ya miezi 6 au 7 unaweza usiwe umekamilika. Kovu lililofunga vizuri halimaanishi kwamba tumbo liko tayari.

Mashine ya kebo ndiyo ya kwanza, na kwa maoni yetu jimu isiyo nayo haifai kulipiwa na mzazi. Unaitumia ukiwa umesimama au umekaa, haikubani popote, na uzito wake unaanzia chini. Mashine nyingi zenye nguzo mbili zina kapi inayogawa mzigo, hivyo pini ikiwa kwenye 10 mkono unavuta takriban kilo 5. Zenye kapi moja hazigawi, kwa hiyo usihamishe namba kutoka mashine moja kwenda nyingine. Jaribu kwanza pini ikiwa kwenye tundu la juu kabisa, yaani uzito mdogo kuliko wote.

Kazi yake kubwa ni kuvuta. Kunyonyesha, kubeba na kuinamia beseni huyavuta mabega mbele mchana kutwa, kwa hiyo kwa kila zoezi moja la kusukuma weka mawili ya kuvuta. Kaa, nyoosha mgongo, vuta mpini hadi chini ya matiti, viwiko vikipita karibu na mbavu. Fanya seti 2 za marudio 10 hadi 12, na uache ukiwa bado unaweza matatu au manne zaidi. Usichague ile mashine ya kuvuta yenye mto wa kifuani. Ni nzuri kwa wengine, ila kwa anayenyonyesha inakandamiza matiti yaliyojaa, inauma, na maziwa yanavuja kabla seti haijaisha. Kwa sababu hiyohiyo, kwa nyuma ya mapaja tumia mashine ya kukaa na uiache ile ya kulala kifudifudi. Nyonyesha au kamua kabla ya kutoka nyumbani, utafanya mazoezi kwa raha zaidi. Mazoezi ya kadiri hayapunguzi maziwa, alimradi unakula na kunywa maji ya kutosha.

Kebo hiyohiyo ndiyo zoezi la tumbo tunalolipenda kuliko yote. Simama ubavu kwa mashine, kebo ikiwa usawa wa kifua. Shika mpini kwa mikono miwili kifuani, sogea hatua moja kando mpaka kebo ikaze, kisha sukuma mikono mbele na uhesabu hadi tatu kabla ya kuirudisha. Kebo inataka kukuzungusha, nawe unakataa. Marudio 8 kila upande yanatosha. Mwili ukizunguka au mbavu zikifunguka, shusha pini.

Mashine ya kukunja tumbo, ile ya kukaa na kujikunja mbele, iache. Sitapu nazo ziache kwa sasa, pamoja na planki ndefu. Jipime hivi nyumbani: lala chali, kunja magoti, weka vidole kwa upana juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa polepole. Ukipata nafasi ya zaidi ya vidole viwili kati ya kingo za misuli, au ukiona mstari wa katikati ukichomoza juu, tumbo bado halijashikana vya kutosha kwa kazi ile. Si jambo la ajabu wala ugonjwa wa peke yako. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2016, uliowafuatilia wanawake 300 wa uzazi wa kwanza, uliikuta hali hiyo kwa asilimia 60 kwenye wiki ya 6, asilimia 45 kwenye miezi 6, na bado asilimia 33 mwaka ulipotimia. Ofa zinazobandikwa mlangoni za "kurudisha tumbo kwa siku 30" zipime kwa namba hizo.

Na mikanda ya kubana kiuno inayouzwa kaunta? Hapana. Mkaja wa siku za mwanzo una kazi yake: unaegemeza tumbo lililolegea, na aliyepasuliwa huona nafuu anapokohoa au kuinuka kitandani. Kunyanyua uzito ukiwa umebanwa ni habari nyingine. Tumbo likikosa pa kutanukia, presha inashuka kwenye misuli ya sakafu ya nyonga, ile ya chini inayoshikilia kibofu na kizazi, ambayo ndiyo iliyochoka kuliko yote.

Hapo ndipo pumzi inapoamua. Kosa la kawaida ni kuziba pumzi na kusukuma chini kama uko leba. Fanya kinyume chake: vuta hewa uzito unaposhuka, kisha kabla tu ya kupandisha, kaza na uinue misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa pamoja, halafu toa pumzi chuma kikipanda. Uzito ukishafika juu, legeza. Wengi hukaza na kusahau kulegeza, na misuli iliyokazwa muda wote nayo huleta maumivu na kuvuja. Kama hujui hata unakaza wapi, fanya mazoezi hayo kitandani kwa wiki kadhaa kabla ya kugusa pini.

Presi ya miguu, ambako unasukuma kitoroli chenye uzito kwa miguu, inapendwa kwa sababu mgongo umeegemea, lakini ina mitego miwili. Mmoja ni kwamba haina sifuri. Kitoroli kitupu cha presi ya nyuzi 45 mara nyingi kina kilo 35 hadi 50 kabla ya kuongeza pleti (sahani ya uzito) yoyote, na kwa mteremko ule miguu inabeba karibu asilimia 70 yake. Muulize kocha kitoroli kina kilo ngapi. Asipojua, anza nacho kitupu. Mtego wa pili ni kina. Magoti yakishuka sana yanalikandamiza tumbo na kovu, na makalio yakianza kunyanyuka kitini ujue umepita kiasi. Ishia magoti yanapofika pembe mraba.

Kwa wengi dambeli inashinda presi. Shika moja ya kilo 4 hadi 8 kwa mikono miwili mbele ya kifua, chuchumaa mpaka uguse benchi kidogo kwa makalio, inuka ukitoa pumzi. Benchi linakuzuia kushuka kuliko unavyoweza, na uzito ulioko mbele unakusaidia kubaki wima. Ubaya wa dambeli uko mkononi. Kumbeba mtoto huleta maumivu ya kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, nazo dambeli nene huyachokoza. Shika kwa viganja vinavyotazamana, usikunje kifundo, na maumivu yakiendelea rudi kwenye kebo, ufunge kamba laini badala ya mpini wa chuma.

Mashine ya kufungua na kufunga mapaja isubiri kama mfupa wa kinena unauma unapogeuka kitandani au kupanda ngazi. Maumivu hayo huzidishwa na kutanua miguu chini ya uzito, na pia na mazoezi ya mguu mmoja mmoja. Mtu asiye nayo anaweza kuitumia, ingawa haimpi kitu ambacho kuchuchumaa hakumpi.

Tredmili: kutembea kuanzia siku ya kwanza, kukimbia baadaye. Mwongozo wa wataalamu wa Uingereza wa 2019 unaweka miezi 3 kuwa mapema kabisa, tena kwa mama asiye na dalili.

Mashine za pini kwa jumla ni salama, ila zinaruka. Kutoka kilo 10 kwenda 15 unaongeza nusu nzima ya ulichokuwa unabeba. Angalia kama juu ya rundo kuna kipande cha nyongeza cha kilo 2.5 kinachosogezwa. Kikikosekana, panda kwa marudio: kutoka 10 hadi 15 kwa uzito uleule, ndipo uhamishe pini na urudi kwenye 8. Siku mbili kwa wiki zinatosha kwa miezi ya mwanzo, dakika 30 hadi 40. Mwenye mtoto anayeamka usiku akiongeza ya tatu mara nyingi huvuna uchovu tu.

Tukija kwenye huduma, pima jimu kwa kocha kabla ya kuangalia mashine. Kocha anayefaa atauliza ulijifungua lini na kwa njia gani, kama ulishonwa, kama unanyonyesha, na kama mkojo unakutoka ukicheka au kukohoa. Akianza na kukupima kilo kwenye mizani, tafuta mwingine. Jimu zenye saa za wanawake peke yao zina faida ya ziada kwa mzazi: maswali hayo yanajibika bila aibu, na kocha anaweza kutazama tumbo lako wakati wa zoezi. Uliza pia choo kiko umbali gani. Si swali dogo hata kidogo.

Dalili za kupunguza ni hizi: damu ya uzazi iliyokuwa imekauka inarudi, kitu kizito kinahisiwa ukeni jioni au kesho yake, mkojo unachuruzika wakati wa seti, kovu linavuta. Punguza uzito nusu na usubiri siku mbili tatu, na isipotulia mwone mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali. Damu nyingi, usaha, homa, maumivu ya kifua, kubanwa pumzi, au mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya muundi ni vya kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Chuma kirefu kinakuja mwisho. Kiguse ukishaweza kuchuchumaa na dambeli ya kilo 16, seti 3 za 10, bila tone la mkojo na bila uzito ukeni kesho yake. Uliza kama wana kile cha kilo 15, chembamba zaidi, milimita 25, maana hukaa kwa nadra kwenye rafu ya mbele. Na ukianza kukinyanyua kutoka chini, usikifuate sakafuni. Pleti kubwa za kipenyo cha sentimita 45 ndizo hukiinua sentimita 22.5. Pleti ndogo za mwanzo hukiacha chini zaidi, na mgongo unalazimika kupinda ili kukifikia. Kiweke juu ya vishikizo vya rafu usawa wa goti, anzia hapo, ukishushe tundu moja kila baada ya wiki kadhaa.